Barafu haimjui bingwa: ushindi, machozi na maajabu ya michezo ya majira ya baridi

#1 Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu ili tujadili kwa kina mashindano ya barafu na theluji, hasa Olimpiki ya majira ya baridi, kwa sababu naamini ni michezo michache mno ambayo mshindi na mshindwa hukaribiana kiasi hiki. Katika soka, timu iliyofungwa bao la mapema bado ina muda wa kusawazisha, na mkimbiaji wa masafa marefu akijikwaa anaweza kuinuka na kuwafikia wenzake. Juu ya barafu nafasi hiyo ni finyu sana. Mtelezaji wa mbio za kasi husimama juu ya chuma chenye unene wa milimita moja na kitu, akiwa katika mwendo unaokaribia kilometa 60 kwa saa, na chuma hicho kikikosa kushika barafu mara moja tu, kazi ya miaka minne imekwisha. Ndiyo maana nasema kwamba matokeo ya siku moja katika michezo hii hayatoshi kumpima mwanamichezo.

Chukueni mfano wa Dan Jansen wa Marekani, mtelezaji wa mbio za kasi. Alifika kwenye Olimpiki ya Calgary mwaka 1988 akiwa bingwa mpya wa dunia wa mbio fupi, taji alilolitwaa muda mfupi kabla ya hapo. Asubuhi ya tarehe 14 Februari, siku ya mbio zake za mita 500, dada yake Jane alifariki dunia kwa saratani ya damu. Jansen aliamua kushindana hivyo hivyo, na alipoingia kwenye kona ya kwanza akaanguka. Siku nne baadaye aliingia kwenye mita 1,000, akaanza vizuri kiasi kwamba baada ya mita 600 muda wake ulikuwa bora kuliko wa wote, kisha zikiwa zimesalia takriban mita 200 akaanguka tena. Kule Albertville mwaka 1992 hakuanguka, lakini alimaliza wa nne katika mita 500 na wa 26 katika mita 1,000.

Baada ya hapo akawa mtu wa kwanza duniani kumaliza mita 500 chini ya sekunde 36, kwa hiyo Michezo ya Lillehammer ilipofika mwaka 1994, wengi waliona dhahabu ya mbio hizo ni yake. Akateleza vibaya, mkono ukagusa barafu, akawa wa nane. Ikabaki mita 1,000 peke yake, mbio ambazo hakuwahi kuzihesabu kuwa zake, na alikuwa ameshaamua kwamba hazitakuwapo nyingine za Olimpiki baada ya hizo. Alishinda dhahabu kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 12.43, kisha akazunguka uwanja akiwa amembeba binti yake mchanga, aliyempa jina la Jane.

Tafadhalini litazameni jambo hili kwa makini. Jansen wa mbio zile zote za nyuma na Jansen wa mbio ya mwisho ni mtu yule yule, mwenye miguu ile ile na mazoezi yale yale. Kama angeanguka tena siku ile, angekumbukwa kama mtu asiyeweza kustahimili shinikizo, na hukumu hiyo ingekuwa dhuluma.

Wapo pia walioangushwa na kitu kingine kabisa. Sven Kramer wa Uholanzi alikuwa akiongoza mbio za mita 10,000 kule Vancouver mwaka 2010. Kwa wasiofahamu, watelezaji hawa hushindana wawili wawili na hubadilishana njia katika kila mzunguko, ili yule aliyepita njia fupi ya ndani apite sasa njia ndefu ya nje na umbali wao uwe sawa. Ilipobaki mizunguko minane, Kramer alikuwa anaelekea njia ya nje, ambako ndiko alikopaswa kwenda, lakini kocha wake Gerard Kemkers akamwelekeza aingie ndani. Kramer alimtii. Alivuka mstari akiwa na muda bora kwa zaidi ya sekunde nne, akanyoosha mikono kushangilia, na ni Kemkers mwenyewe aliyemfuata kumweleza kwamba ameenguliwa. Kramer aliivurumisha miwani yake. Dhahabu ikaenda kwa Lee Seung-hoon wa Korea Kusini, na ingawa Kramer alishinda mita 5,000 katika Olimpiki tatu mfululizo, ile ya mita 10,000 hakuipata kamwe.

Karibuni mchangie.

#2 Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, heshima kwako. Nakubaliana nawe kuhusu Jansen, ila hoja yako ina upande wa pili ambao hujaugusa. Ikiwa matokeo ya siku moja hayampimi aliyeshindwa, basi hayampimi pia aliyeshinda, na hapo ndipo ninapomkumbuka Steven Bradbury wa Australia. Katika fainali ya mita 1,000 ya mbio za njia fupi kule Salt Lake City mwaka 2002 alikuwa wa mwisho kati ya watu watano, ameachwa nyuma kwa umbali unaoonekana wazi, wenzake wote wanne wakaanguka kwenye kona ya mwisho, naye akapita katikati yao na kuchukua dhahabu. Mimi naona ile ilikuwa bahati tupu, na sioni kwa nini tuiweke pamoja na ushindi wa Jansen.

#3 Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa hoja yako, ndugu yangu, lakini katika hili tunatofautiana, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Katika mbio za njia fupi muda si kitu. Kinachohesabiwa ni nafasi. Watu watano hugombania mzunguko wa mita 111 tu, kona zake ni kali, na kila anayetaka kumpita mwenzake analazimika kujipenyeza mahali pembamba. Kuanguka katika mchezo huo ni sehemu ya mchezo wenyewe. Bradbury alikuwa na miaka 28, alijua kwamba hana tena kasi ya vijana waliomzunguka, na yeye na kocha wake walikubaliana kwamba akae nyuma, asigusane na mtu, asubiri. Mpango huo ulimsaidia katika nusu fainali pia, ambako waliokuwa mbele yake waligongana. Waliokimbia naye fainali, yaani Apolo Ohno, Ahn Hyun-soo, Li Jiajun na Mathieu Turcotte, kila mmoja aliitaka dhahabu kiasi cha kutokubali kupunguza mwendo. Yeye peke yake ndiye aliyepiga hesabu za hatari na kuziheshimu.

Halafu angalia alikotoka. Mwaka 1994 chuma cha kiatu cha mtelezaji mwingine kilimchana paja, akapoteza takriban lita nne za damu na kushonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 alivunjika mifupa ya shingo mazoezini, na madaktari hawakutarajia kwamba angerudi mashindanoni. Yeye akarudi. Medali ile ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi si kwa Australia pekee bali kwa nchi zote za kusini mwa dunia. Na kuna jambo dogo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka, kwamba Ohno, aliyepata fedha siku ile, alikuwa amevaa viatu vilivyotoka katika karakana ya Bradbury mwenyewe.

Kwa hiyo bahati ilikuwepo, sikatai, lakini ilimkuta mtu aliyekuwa bado amesimama.

#4 Mchangiaji

Wakuu, mjadala huu ni mzuri sana. Nina swali moja na nyongeza moja. Swali: huyo kocha aliyempoteza Kramer alifanywa nini? Nyongeza: mtu asiyepaswa kukosekana katika uzi huu ni Lindsey Jacobellis. Mwaka 2006 kule Torino, snoubodi ya vikwazo (mbio za kushuka theluji juu ya ubao mmoja) ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, aliongoza fainali kwa nafasi kubwa mno, na alipofika kwenye mruko wa pili kutoka mwisho akainama hewani kuushika ubao wake kwa madaha. Alitua vibaya, akaanguka, na Tanja Frieden wa Uswisi akampita. Wengi walimsema kwamba alijitakia.

Mimi nilihuzunika zaidi kwa yaliyofuata, maana kwa miaka mingi alishinda karibu kila shindano jingine kubwa la mchezo huo, huku kila Olimpiki ikimnyima: wa tano mwaka 2010, wa saba mwaka 2014, wa nne mwaka 2018. Mwaka 2022 kule Beijing, akiwa na miaka 36, alishinda dhahabu, na siku chache baadaye akashinda nyingine ya timu mchanganyiko pamoja na Nick Baumgartner, aliyekuwa na miaka 40. Huko ndiko kuvumilia.

#5 Mwanzisha uzi

Kuhusu swali lako, ndugu, Kramer hakumfukuza Kemkers. Hasira zake zilikuwa wazi siku ile, lakini waliendelea kufanya kazi pamoja, na mwaka 2014 Kramer alitetea dhahabu yake ya mita 5,000 akiwa chini ya kocha huyo huyo.

Kuhusu Jacobellis nakuunga mkono kikamilifu, na naongeza kwamba lawama za mwaka 2006 zilisahau kwamba mchezo ule ulizaliwa na vijana waliothamini madaha kama walivyothamini kasi.

#6 Mchangiaji

Naomba ufafanuzi kidogo kutoka kwa wataalamu wa uzi huu. Ni kwa nini katika baadhi ya michezo watu wawili hupewa dhahabu kwa pamoja, ilhali mingine hutafuta mshindi hadi kwenye sehemu ya elfu ya sekunde? Nakumbuka mwaka 2014 kule Sochi, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walimaliza mbio za skii za mteremko kwa dakika 1 na sekunde 41.57 kila mmoja, wakapanda jukwaani wakiwa wameshikana mikono. Je, mashine hazikuweza kuwatenganisha?

#7 Mchangiaji

Nijaribu kujibu. Mashine zingeweza, ila kila mchezo una kanuni yake. Skii ya milimani huhesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde na kuishia hapo, na kwa maoni yangu kanuni hiyo ina busara, kwa sababu mbio hizo hufanyika nje, upepo hubadilika na theluji huchimbika kadiri watu wanavyopita, kiasi kwamba tofauti ndogo kuliko hiyo haisemi lolote kuhusu nani ni bora. Hata hiyo sehemu ya mia moja peke yake si kubwa: kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa ni kama sentimeta 28 tu. Ester Ledecká wa Cheki alipata dhahabu ya super-G, aina mojawapo ya mbio za skii ya milimani, mwaka 2018 kwa tofauti hiyo hiyo ya sekunde 0.01 dhidi ya Anna Veith wa Austria. Alikuwa ameondoka wa 26, wakati ambapo wengi waliamini mshindi ameshapatikana, na alipofika chini alibaki akiutazama ubao wa matokeo kwa muda mrefu akidhani umekosea. Alikwenda kuzungumza na waandishi wa habari bila kuivua miwani yake ya theluji, kwa maelezo kwamba hakutarajia kushinda na hivyo hakuwa amejipodoa. Wiki moja baadaye akashinda dhahabu nyingine katika snoubodi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika Michezo ya mwaka mmoja.

Sledi za luge, ambazo mtu hushuka nazo akiwa amelala chali, na mbio za kuteleza kwa kasi huenda hadi sehemu ya elfu. Mwaka 1998 Silke Kraushaar alimshinda Mjerumani mwenzake Barbara Niedernhuber kwa sekunde 0.002 baada ya kushuka mara nne. Mwaka 2014 Zbigniew Bródka wa Poland, ambaye kazi yake ilikuwa ya zimamoto, alimshinda Koen Verweij wa Uholanzi katika mita 1,500 kwa sekunde 0.003. Pigeni hesabu: ni kama sentimeta nne baada ya kilometa moja na nusu. Bobsledi nayo, yaani sledi ambayo watu hushuka nayo wakiwa wameketi, ingawa ni ndugu wa luge, huhesabu sehemu ya mia, na ndiyo maana mwaka 2018 Canada na Ujerumani waligawana dhahabu ya watu wawili baada ya kushuka mara nne na kupata jumla ile ile ya muda.

#8 Mchangiaji

Naona tumezungumza sana juu ya kuanguka na saa. Niruhusuni nilete upande ambao kwangu ndio fahari kubwa ya michezo hii, nao ni namna washindani wanavyosaidiana.

Mwaka 1964 kule Innsbruck, Waingereza Tony Nash na Robin Dixon walikatikiwa boliti ya sledi yao katikati ya mashindano ya bobsledi. Mpinzani wao mkubwa, Eugenio Monti wa Italia, aliposikia, aliamuru boliti ya sledi yake mwenyewe ifunguliwe na kupelekewa Waingereza. Wakashinda dhahabu, naye akapata shaba. Alipolaumiwa na watu wa kwao, alijibu kwamba Nash hakushinda kwa sababu ya boliti, alishinda kwa sababu alishuka kwa kasi kuliko wengine. Monti alisubiri miaka minne zaidi, na akiwa na miaka 40 akashinda dhahabu mbili kule Grenoble.

Mwaka 2006 fimbo ya Sara Renner wa Canada ilivunjika katika mbio za skii za kupokezana, na mtu aliyesimama kando ya njia akampa nyingine mara moja. Mtu huyo alikuwa Bjørnar Håkensmoen, kocha wa Norway. Canada ilipata fedha, na Norway ikawa ya nne, nje ya jukwaa. Wakanada walimtumia shukrani kwa maelfu ya makopo ya sharubati ya mti wa mepo.

Na mwaka 2022, Erin Jackson, aliyekuwa namba moja duniani katika mita 500 za kuteleza kwa kasi, alijikwaa kwenye mchujo wa timu ya Marekani na kukosa nafasi. Mwenzake Brittany Bowe, aliyekuwa ameshinda mchujo ule, akamwachia nafasi yake. Jackson alikwenda Beijing na kushinda dhahabu, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki ya majira ya baridi. Bowe naye alipata nafasi baadaye, akaondoka na shaba ya mita 1,000.

#9 Mwanzisha uzi

Mchango huu umenigusa sana, na unanipa nafasi ya kumtaja Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati ambaye alianza kujifunza skii miaka miwili tu kabla ya Michezo ya Nagano ya mwaka 1998. Katika kilometa 10 Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda dhahabu kwa dakika 27 na sekunde kadhaa. Boit alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, baada ya dakika 47. Katika dakika zote hizo 20 Dæhlie hakuondoka. Waandaaji walitaka kuanza sherehe ya medali, naye akakataa mpaka Boit avuke mstari, kisha akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Nadhani Dæhlie alielewa jambo ambalo jedwali la matokeo haliwezi kulionyesha: kwamba mtu aliyejifunza mchezo ukubwani, na bado akamaliza bila kukata tamaa njiani, ametumia nguvu nyingi kuliko sisi tunaotazama tunavyoweza kukisia.

#10 Mchangiaji

Wakuu, naomba tusisahau majonzi yasiyotokana na kosa la mtu. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa kuteleza kwa sanaa mwaka 2014 na 2018, aliingia Beijing mwaka 2022 akiwania dhahabu ya tatu mfululizo. Katika mruko wake wa kwanza chuma cha kiatu kilinasa kwenye tundu lililokuwa limebaki barafuni, na mruko wa mizunguko minne ukageuka kuwa wa mzunguko mmoja. Aliangukia nafasi ya nane siku ile. Siku mbili baadaye, badala ya kucheza kwa tahadhari, alijaribu mruko wa mizunguko minne na nusu ambao hakuna aliyekuwa ameufanikisha, akaanguka, na akamaliza wa nne.

Katika Michezo hiyo hiyo wanawake watano wa kuruka kwa skii, kutoka Japani, Austria, Ujerumani na Norway, walienguliwa kwenye shindano la timu mchanganyiko kwa sababu mavazi yao yalikuwa mapana kuliko kanuni inavyoruhusu. Kanuni yenyewe ina msingi, kwa kuwa vazi lililolegea hushika hewa na kumbeba mrukaji mbali zaidi, lakini kumwona Sara Takanashi akilia, akiwa ametoka kuruka vizuri kabisa, kulikuwa kugumu mno. Alirudi kwa mruko wa pili na kuruka vizuri tena, na timu yake ikakosa shaba, ikawa ya nne.

Katika mchezo huo huo kuna kisa cha kufurahisha pia. Jan Boklöv wa Sweden alianza katika miaka ya 1980 kuruka akiwa amezipanua skii zake kwa mbele, wakati wenzake wote walizibana pamoja. Waamuzi walimkata alama za mtindo kwa sababu walidhani anaharibu uzuri wa mchezo. Yeye aliendelea, kwa kuwa mtindo wake ulimpeleka mbali zaidi, na katika msimu wa 1988/89 akashinda Kombe la Dunia hata baada ya makato yale. Leo warukaji wote huruka hivyo.

#11 Mchangiaji

Swali la mwisho kutoka kwangu: je, imewahi kutokea mtu akanyimwa medali kimakosa, kisha akapewa baadaye akiwa hai?

#12 Mwanzisha uzi

Imetokea, ndugu yangu, na katika Michezo ya kwanza kabisa, ile ya Chamonix nchini Ufaransa mwaka 1924. Katika kuruka kwa skii, nafasi ya tatu ilitangazwa kuwa ya Thorleif Haug wa Norway, ambaye alikuwa ameshatwaa dhahabu tatu katika Michezo hiyo, na Anders Haugen, Mmarekani aliyezaliwa Norway, akawekwa wa nne. Miaka 50 baadaye, mwaka 1974, iligundulika kwamba alama za Haug zilikuwa zimejumlishwa vibaya na kwamba Haugen ndiye aliyestahili shaba. Haug alikuwa amekwisha kufariki zamani. Haugen alialikwa Norway akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na aliyemkabidhi medali hiyo alikuwa binti yake Haug.